Umejifungua kwa upasuaji Kigoma: njia nne za kurudisha nguvu za nyonga

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa wodini na maagizo mafupi: usibebe vitu vizito, mshono uwe mkavu, urudi tukutazame. Mengine hukutana nayo nyumbani. Akipiga chafya mkojo unachomoka. Akiinuka kitandani tumbo linatokeza katikati. Mgongo unauma akinyonyesha, kovu linavuta akinyoosha mwili, na siku mume akimsogelea anauma meno kwa maumivu. Wengi hukaa na hayo miaka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba yana tiba, na kwamba mara nyingi tiba yenyewe si dawa wala kisu kingine, ni mazoezi.

Linalobaki ni mazoezi hayo yafanyike wapi, na kwa mkono wa nani. Kwa mama wa Ujiji, Mwandiga, Kasulu au kijiji cha mwambao wa ziwa, njia ni nne. Kuna kufanya mwenyewe nyumbani kwa maelekezo ya muuguzi. Kuna mikono ya mama mzazi au mama mkwe, yaani kukandwa na kufungwa tumbo. Kuna kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na mikono, cha hospitali kubwa iliyo karibu. Na kuna kusafiri hadi Mwanza, Moshi au Dar es Salaam kumwona mtaalamu aliyebobea kwenye nyonga. Nimezipima zote nne kwa mizani moja, kwa ajili ya mama ambaye ameshasikia maneno mengi na bado hajui aanzie wapi.

“Si mtoto hakupita chini?”

Hilo ndilo jibu analopewa mama akilalamika, na linamchelewesha. Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi mkiani, inabeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa chini jinsi mbeleko inavyobeba mtoto. Ilibeba miezi tisa, na homoni za ujauzito zilikuwa zimeilegeza. Kama uchungu ulikuwa umeshakolea na mama akasukuma kwa saa kadhaa kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, nayo ilichoka pamoja naye. Ni kweli kwamba tatizo la kuvuja mkojo huwapata wachache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa kuliko waliojifungua kwa njia ya kawaida, lakini haliwaachi salama wote.

Juu ya hayo kuna jeraha. Daktari hupita kwenye ngozi, mafuta, utando mgumu wa tumbo, utando laini wa ndani na ukuta wa mji wa mimba. Misuli ya mbele ya tumbo yenyewe kwa kawaida haikatwi, hutenganishwa pembeni. Kibofu, kilichokaa mbele ya mji wa mimba, nacho husogezwa kidogo. Ngozi hushikana ndani ya wiki mbili hivi, lakini utando mgumu hauendi kwa mwendo huo: kwenye wiki ya sita bado haujarudisha nguvu zake zote, na huendelea kukomaa kwa miezi. Ndiyo maana mama anayeonekana amepona kwa nje anaweza kushindwa kuinua ndoo.

Kigoma jambo hili lina uzito wake. Mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, shirika la hisani la Marekani, ulipoanza Tanzania mwaka 2006, mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ile iliyojengewa uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya vya vijijini, kwa mikono ya madaktari wasaidizi waliofunzwa. Hiyo imeokoa maisha ya akina mama ambao zamani wangefia njiani. Lakini maana yake pia ni kwamba mama anaweza kupasuliwa mahali ambapo hakuna mtu wa fiziotherapia, akarudi nyumbani bila kujua kwamba huduma hiyo ipo duniani.

Mizani ya kupimia

Nimetumia maswali matano. Njia hii inagusa tatizo lipi hasa? Inaanza lini bila kuhatarisha mshono? Inadai nini kwa fedha, safari na muda? Faragha ikoje, nani atakuona na nani atakugusa? Na utajuaje kwamba haikufai, ugeuke?

Kabla ya kuchagua, ondoa kwanza yale yasiyongoja mazoezi. Homa, usaha au harufu mbaya kwenye mshono, kutokwa uchafu wenye harufu ukeni, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, kushindwa kukojoa: yote haya ni ya kwenda kituoni siku hiyohiyo.

Lingine nalitenga peke yake kwa sababu watu wanalichanganya na udhaifu wa misuli. Mkojo ukichomoka ukikohoa, ukicheka au ukiinua kitu, hiyo ni kazi ya mazoezi. Mkojo ukitiririka muda wote, usiku na mchana, hata umelala, kanga ikilowa bila kukohoa, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hutokea zaidi kwa mama aliyekaa na uchungu muda mrefu kabla ya kufikishwa hospitali. Fistula haifungwi kwa kubana misuli. Mara nyingi huhitaji upasuaji, ingawa ikigunduliwa mapema sana mpira wa mkojo ukiachwa ndani kwa wiki kadhaa unaweza kuisaidia tundu dogo lijifunge. Hospitali za CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zinajulikana kwa kazi hiyo. Usimalize miezi mitatu ukifanya mazoezi kwa ugonjwa wa aina nyingine.

Njia ya kwanza: mazoezi ya nyumbani kwa maelekezo

*Inagusa nini.* Kuvuja mkojo kidogo, ushuzi usiozuilika, uzito mdogo wa kuvuta ukeni, tumbo lililolegea, mgongo, na choo kigumu. Kwa kovu lililoshikamana inasaidia baadaye, jeraha likishafunga.

*Inaanza lini.* Mapema kuliko wengi wanavyofikiri, ila kwa hatua. Siku ya kwanza kuna kuvuta pumzi hadi tumboni, kuchezesha nyayo ili damu isigande miguuni, na kusimama kwa kushikiliwa ndani ya saa 24 ikiwa muuguzi ameridhika. Ukitaka kuinuka, geuka ubavu kwanza, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Usiinuke moja kwa moja kwa nguvu ya tumbo. Ukikohoa au kucheka, kumbatia mto au kanga iliyokunjwa juu ya mshono. Kubana misuli ya chini kunasubiri mpira wa mkojo utolewe na ukojoe vizuri mwenyewe.

Kubana kwenyewe ndiko kunakokosewa, kwa hiyo nitakaa hapo. Lala chali umekunja magoti, au kaa. Fikiria unazuia ushuzi usitoke mbele ya wakwe, na papo hapo unazuia mkojo, kisha vuta vyote kuelekea juu, ndani. Makalio yasikaze, mapaja yasibane, na usizuie pumzi. Shika kwa hesabu ya tatu, kisha achia kabisa kwa hesabu hiyohiyo, maana misuli isiyojua kulegea nayo huleta maumivu. Polepole fika hesabu ya kumi. Kipimo kinachotumika sana kwa mama anayevuja mkojo ni kubana mara nane, awamu tatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyopungua. Mazoezi haya yamebeba jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandika mwaka 1948, na watu wengi huyaita kegeli. Usiyafanye kwa kukatiza mkojo chooni kila mara. Hilo linavuruga kibofu.

Wanawake wengi wakielezwa kwa mdomo tu husukuma chini badala ya kuvuta juu, na kusukuma kunazidisha tatizo. Jipime: nawa mikono, weka kidole kati ya uke na njia ya haja kubwa, kisha bana. Pakipanda na kukikimbia kidole, upo sawa. Pakituna na kukisukuma kidole, acha, utafute mtu akuelekeze.

Kwenye maisha ya kila siku faida kubwa iko katika kubana kabla ya tukio: bana halafu kohoa, bana halafu inua mtoto. Na kwa wiki sita za mwanzo usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mtoto mchanga ana kilo tatu au nne. Hapo hakuna mjadala, na anayepaswa kusikia hili zaidi ni mume na wadogo zake, si mama peke yake.

Choo cha kuchuchumaa hakina ubaya, tena mkao wake unasaidia haja kubwa. Ubaya ni kukamua. Kunywa maji, kula papai, mboga na maharage, na ukiwa chooni weka kiganja juu ya mshono, pumua nje taratibu badala ya kukaza koo.

*Gharama na muda.* Fedha hakuna. Muda ni dakika chache zinazoingia wakati wa kunyonyesha. Kinachogharimu ni kukumbuka kila siku huku mtoto analia na usingizi haupo.

*Faragha.* Hakuna njia yenye faragha kuliko hii. Unaweza kufanya umekaa barazani na wageni na hakuna atakayejua.

*Utajuaje haikufai.* Miezi mitatu ya kufanya kweli bila nafuu, maumivu yanayoongezeka, kitu kinachoshuka au kutokeza ukeni, au misuli ya tumbo kuachana katikati. Hili la mwisho unalipima wiki ya sita na kuendelea: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, pitisha vidole juu na chini ya kitovu. Vidole viwili au zaidi vikizama kwenye mfereji, misuli imeachana, na mazoezi ya kuinuka-inuka uliyoonyeshwa na rafiki yanaweza kuongeza mtutumko badala ya kuuondoa. Hapo tafuta jicho la mtaalamu.

Jambo moja la haki. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu mama baada ya kujifungua, halikupendekeza kila mzazi aanzishiwe mazoezi ya sakafu ya nyonga kwa ajili ya kinga tu. Nalitaja ili mama asiye na dalili asijione mzembe akiyasahau. Yeye kutembea, kupumua vizuri na kurudi kwenye kazi polepole kunamtosha. Mwenye dalili ndiye ninayemsisitizia.

Njia ya pili: mikono ya nyumbani

Wapo wataalamu wanaoipuuza hii kabisa. Mimi siwezi, kwa sababu ndiyo huduma ambayo karibu kila mzazi wa Kigoma anaipata, hata yule aliyesoma, na imebeba mema ambayo hospitali haitoi: mtu wa kumkalia mama, kumpikia uji na supu ya samaki wa mgebuka, kumbebea maji, na kumlaza siku arobaini.

*Inagusa nini.* Uchovu, maumivu ya mgongo na miguu, upweke, njaa. Kufungwa tumbo kwa kanga au mkanda katika siku za mwanzo kunaweza kupunguza maumivu ya mshono na kumpa mama ujasiri wa kutembea, na hilo ni msaada wa kweli. Ila kanga haiunganishi misuli iliyoachana, wala haiamshi misuli ya chini. Ikikazwa mpaka pumzi inapanda juu, msukumo wote unaelekezwa kwenye nyonga, pale pale tunapotaka papumzike. Ipime hivi: kiganja kiingie kati ya kanga na tumbo, na uweze kuvuta pumzi hadi tumboni. Ivue wakati wa kulala.

*Inaanza lini.* Mgongo, mabega na miguu vinaweza kukandwa kwa upole tangu siku za mwanzo, isipokuwa mguu uliovimba na kuuma, huo usiguswe, upelekwe hospitali. Tumbo ni habari nyingine. Kukanda kwa maji ya moto juu ya mshono mbichi kunaunguza ngozi ambayo huenda bado ina ganzi, na mama asihisi mpaka malengelenge yatoke. Kumwaga au kupulizia maji ya moto ukeni kuachwe kabisa. Dawa za kienyeji, majivu, mawese, hata mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi) tunayoyaamini kwa ngozi, visipakwe kwenye kidonda kilicho wazi.

Kovu likishafunga lote, bila kigaga wala unyevu, kwa kawaida wiki ya sita hadi ya nane na baada ya kuonwa kliniki, mikono hiyo hiyo inageuka kuwa msaada mkubwa. Hapo mafuta ya mise au ya nazi yana kazi. Kwa vidole viwili, ngozi ya juu na chini ya kovu isogezwe pande zote kwa upole, dakika tano hadi kumi kwa siku, mpaka kovu liteleze badala ya kuvuta. Mama anaweza kujifanyia mwenyewe, na ni afadhali aanze yeye, kwa sababu yeye ndiye anayehisi kiasi.

*Gharama.* Hakuna, au zawadi tu kwa mkandaji.

*Faragha.* Hapa ndipo penye ugumu. Anayekukanda ni mtu wako, na huenda si rahisi kumwambia kwamba unavuja mkojo. Pia kumkatalia mkubwa kunahitaji adabu. Kauli kama hii huwa inapita: “Mama, shikamoo. Nesi amesema mshono bado mbichi ndani. Naomba unikande mgongo na miguu, tumbo tuliache mpaka nirudi kliniki siku ya arobaini na mbili.” Mama mkwe anayepewa kazi ya kufanya hukubali kuliko anayeambiwa tu asifanye. Ukiweza, nenda naye kliniki asikie mwenyewe.

*Utajuaje haikufai.* Mshono ukitoa maji, ukiwa mwekundu au wa moto; maumivu yakizidi baada ya kukandwa; au dalili za chini, mkojo na uzito, zikibaki vilevile arobaini imeisha.

Njia ya tatu: fiziotherapia ya hospitali iliyo karibu

Kigoma mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Kwa mama wa Tabora ni Kitete. Kwenye hospitali za ngazi hiyo watu wa fiziotherapia wengi wao siku nzima wanahudumia waliovunjika, waliopata kiharusi, watoto wenye nyayo zilizopinda na migongo. Mzazi aliyepasuliwa mara nyingi hafiki kwao kwa sababu hakuna anayemwandikia, si kwa sababu hawana la kumfanyia.

*Inagusa nini.* Karibu kila kitu kwenye njia ya kwanza, kwa jicho la mtu aliyesoma. Atakuuliza umezaa mara ngapi, unafanya kazi gani, mkojo unatoka lini, choo kikoje. Ataangalia unavyopumua, unavyosimama, unavyombeba mtoto, kovu linavyosogea, tumbo limeachana kiasi gani. Kisha atakupangia mazoezi yanayolingana na maisha yako, na anayerudi Kibirizi kuanika dagaa hapangiwi sawa na anayekaa ofisini. Maumivu ya mgongo, kiuno na kovu ni kazi ambayo mtaalamu wa kawaida wa fiziotherapia anaimudu hata kama hajabobea kwenye nyonga.

*Inaanza lini.* Wodini kwenyewe, ukimwomba. Kama umesharuhusiwa, wakati mzuri ni kuanzia wiki ya sita, unapokwenda kliniki ya mama na mtoto. Ukiwa na maumivu makali au mkojo umezidi, usingoje wiki ya sita.

*Gharama na muda.* Kuna ada ya huduma, kwa hiyo uliza dirishani kabla, na kama una bima uliza inachukua nini na kama unahitaji barua ya rufaa. Gharama inayosahauliwa ni ya kurudi. Nauli ya bajaji kutoka Mwanga au Gungu si kitu kwa siku moja, ila kutoka Kasulu au Uvinza mara kadhaa na mtoto mgongoni ni jambo jingine. Mwambie mtaalamu ukweli siku ya kwanza: “Nauli yangu inatosha kuja mara mbili tu.” Mtaalamu mzuri atakufundisha mengi siku hiyo na kukupangia ya mwezi mzima.

*Faragha.* Uchunguzi mwingi ni wa nje. Ule wa ndani, kwa kidole chenye glavu, hufanywa kupima nguvu ya misuli, kwa kawaida baada ya wiki sita, na haufanywi ila kwa ruhusa yako mwenyewe. Una haki ya kukataa na bado ukahudumiwa. Una haki ya kuomba mtaalamu mwanamke, pazia, au mtu wako akae nawe chumbani. Waume wanaokuja nao wakaribishwe. Mara nyingi wakisikia kwa mtaalamu ndipo ndoo inapobebwa na mtu mwingine.

Kumwomba daktari au nesi akuandikie hakuhitaji maneno ya kitaalamu. “Dada, nina mwezi na nusu tangu nijifungue kwa upasuaji. Nikikohoa mkojo unatoka, na hapa kwenye kovu panavuta. Naomba uniandikie niende fiziotherapia.” Taja mkojo waziwazi. Ukisema tu “sijisikii vizuri huku chini” utaandikiwa dawa ya maambukizi na safari itakuwa imeisha.

*Utajuaje haikufai.* Ukipewa karatasi ya mazoezi bila kuulizwa wala kutazamwa. Ukiona uchunguzi unafanywa bila maelezo. Au ukifuata mpango miezi mitatu na mtaalamu mwenyewe akakubali kwamba panahitajika mkono mwingine.

Njia ya nne: safari kwa mtaalamu aliyebobea

*Inagusa nini.* Yale magumu: kuvuja haja kubwa, kizazi kilichoshuka, maumivu ya tendo la ndoa yasiyopungua, maumivu ya mshipa wa fahamu kwenye kovu yanayochoma hadi kinenani, na hali zilizojaribiwa karibu zikashindikana. Huko mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kufanya kazi pamoja na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, kwa hiyo kama tatizo ni la upasuaji, linajulikana mapema.

*Inaanza lini.* Mara chache kuna haja kabla ya miezi mitatu, isipokuwa fistula au kuvuja haja kubwa.

*Gharama na muda.* Bugando iko Mwanza, safari ya siku nzima ya barabara kupitia Kasulu na Kibondo. Hospitali ya KCMC iko Moshi, na wataalamu wengi wa fiziotherapia nchini wamesomea hapo. Muhimbili na CCBRT ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati. Kuketi hivyo na kovu bichi ni adhabu, na mtoto anayenyonya lazima asafiri pia. Ukiwa na ndugu wa kukupokea, hesabu inabadilika kabisa. Usiondoke bila barua ya rufaa na bila kupiga simu kuuliza siku za kliniki, maana ukifika siku isiyo ya kliniki unalipia malazi bure.

*Faragha.* Kwa wengine umbali ni nafuu, hawajulikani na mtu. Kwa wengine ni hofu ya kuvuliwa nguo mbele ya wageni. Zile haki za kukataa na kuomba mwanamke ni zilezile.

*Utajuaje haikufai.* Kama matatizo yako ni mkojo wa matone na mgongo, na hujajaribu chochote karibu, safari hii ni mzigo ambao fedha zake zingemlipa msichana wa kubeba maji miezi miwili. Kwa maoni yangu mzazi wa Kigoma akiwa na fedha kidogo za ziada, msaidizi wa kazi kwa wiki sita ni sehemu ya tiba.

Kwa hali yako

Wiki mbili baada ya upasuaji, huna dalili ila uchovu: pumua, tembea, geuka ubavu ukiinuka, acha ndoo. Mikono ya mama ni mizuri kwako, mradi tumbo na mshono vimeachwa.

Umefika wiki ya sita, matone yanatoka ukipiga chafya: anza mazoezi ya nyumbani leo, na siku ya kliniki omba mtu akutazame mara moja kama unabana kwa usahihi. Ukiishi mjini, ongeza ziara ya fiziotherapia. Ukiishi Kalya au Kagunga na boti ndiyo usafiri, jifunze kwa muuguzi wa zahanati, jipime kwa kidole kama nilivyoeleza, ujipe miezi mitatu.

Tumbo limeachana, au kovu linavuta na mgongo umekakamaa: hospitali iliyo karibu ndiyo ya kuanzia. Nyumbani endelea kulisogeza kovu kwa upole.

Maumivu ya tendo la ndoa: mwambie mume isubiri, na uende fiziotherapia au kwa daktari wa wanawake. Kovu na misuli iliyokaza hutibika. Kuvumilia kunafundisha misuli kukaza zaidi.

Kitu kinashuka ukeni, au haja kubwa inatoka bila hiari: daktari kwanza, kisha rufaa. Mazoezi yatakuwa sehemu ya tiba, yasiwe tiba yote.

Mkojo unatiririka muda wote: hospitali sasa, useme neno fistula wewe mwenyewe kama hakuna aliyelitaja.

Umepasuliwa mara ya pili au ya tatu: kovu ni juu ya kovu, na kushikamana kwa ndani ni kwingi zaidi. Usianze na mazoezi ya tumbo uliyoyafanya baada ya mtoto wa kwanza. Anza na pumzi na kutembea, na fiziotherapia ya karibu iwe chaguo lako la mapema.

Na kama mtoto uliyemzaa kwa upasuaji sasa yuko darasa la tatu na wewe bado unavaa pedi ukienda sokoni, njia ya kwanza na ya tatu zote ziko wazi kwako. Misuli hiyo hufundishika hata baada ya miaka. Unaanza palepale, kubana mara nane, awamu tatu kwa siku, na kliniki ukiulizwa tatizo limeanza lini, taja mwaka wenyewe.